Vuli ya mjini: asubuhi jua, saa mbili mvua, mchana jua tena. Mnavaa nini?

Mtoto_wa_Bububu
Assalaam alaykum. Nnaomba msaada wa watu wanaoingia mjini kila siku. Nnakaa Bububu, kazi yangu iko Vuga. Wiki hii yote naondoka nyumbani saa moja asubuhi jua limeshachoma, jasho linanitoka kituoni kabla gari haijaja. Nikishuka Darajani, mvua. Si manyunyu, ni mvua yenyewe. Mpaka nifike Vuga kwa miguu nimerowa. Ofisini kiyoyozi kinapuliza juu ya meza yangu, natetemeka mpaka adhuhuri. Saa tisa na nusu natoka, jua limerudi, sweta nimelibeba mkononi. Jioni koo linawasha.

Navaa buibui la nida, ndani dira la pamba, kichwani mtandio wa shifoni. Shangazi anasema kosa lote ni nida, nguo ya plastiki. Mimi nahisi kosa ni dira la ndani. Nani ana haki?

FundiMlandege
Waalaykum salaam. Wewe ndiye mwenye haki, shangazi anisamehe.

Nida ni uzi wa kiwandani, haunywi maji. Mvua ikilipiga buibui la nida maji yanakaa juu na katikati ya nyuzi, ukilikung'uta mengi yanatoka. Pamba inayanywa na kuyashikilia. Mimi hufua vitambaa kabla ya kukata, na kila vuli naona kitu kilekile: nida nikiitundika uchochoroni nyuma ya kibanda, sala moja haijapita imeshakauka, na pamba ya uzito ule ule mpaka jioni bado ina ubichi kwenye mishono. Kwa hiyo ukikaa ofisini na dira la pamba lililorowa, umejifunga kitambaa cha maji mwilini. Nje umeshakauka, ndani bado.

Ila ziko nida nyingi. Iliyo nzito, inayong'ara, haipitishi hewa hata kidogo. Ukinunua ishike dhidi ya mwanga, halafu pulizia pumzi kwa upande mmoja na mkono uuweke upande wa pili.

Bibi_wa_Wete
Fundi, pole pole na pamba yetu. Sisi tumekulia ndani ya kanga, kwa mvua na kwa jua, na vifua vyetu vizima. Doti ina pande mbili kwa sababu. Moja unajifunga, ya pili unajitanda. Mvua ikija ile ya juu ndiyo inayorowa. Ukifika unaivua, unaikamua, unaitundika. Mwilini umebaki mkavu. Tatizo la watoto wa sasa ni kwamba nguo ya juu haivuliki mbele za watu, basi anakaa nayo mbichi kutwa.

Mwanangu wa Bububu, chukua kanga, uitie ndani ya mkoba. Ukishuka garini unajitanda juu ya buibui. Hakuna atakayekushangaa.

Kijana_wa_Kikwajuni
Bibi nakubali, lakini mie nilifanya hivyo kwa kanga mpya ya mama na maji yalipita kama kwenye chujio, mgongo wote ulirowa.

Bibi_wa_Wete
Mpya! Kanga mpya ina wanga, mwanangu. Ngumu, maji yanateleza yanatafuta njia ya kupita. Kanga ya kujifutia na kujifunikia ni ile iliyofuliwa mara nyingi mpaka imekuwa laini. Mama yako amekusamehe kuitumia kabla hajaivaa?

Kijana_wa_Kikwajuni
Hajanisamehe mpaka leo.

Nahodha_Mstaafu
Nimesoma wote. Mnabishana juu ya kitambaa na hamjauliza upepo uko wapi.

Sasa hivi tuko tanga mbili. Kusi limekufa, Kaskazi halijashika. Wakati huu chombo kinaweza kutoka bandarini na tanga lisijue lijazwe kutoka wapi. Mwili wa mtu ni hivyo hivyo. Wakati wa Kipupwe ukivaa chochote unakaa vizuri, kwa sababu upepo unapita kutwa na jasho linakauka. Kaskazi likishashika, kuanzia Disemba mpaka Februari, joto ni kubwa zaidi kuliko hili la sasa, lakini upepo upo, unakaa barazani unapumua. Ni katikati hapa ndipo hewa inaposimama. Jasho halina pa kwenda. Halafu wingu moja linakuja na upepo wake, linakupiga baridi nusu saa, linaondoka, hewa inasimama tena.

Wazee wetu walikuwa wakihesabu kutoka Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja. Nairuzi ni mwisho wa Julai, ile siku Makunduchi wanapokoga mwaka. Ukihesabu siku mia unafika mwisho wa Oktoba. Marehemu babu yangu alikuwa akiingia mwongo wa mia hatoki bila ya kishali, hata pawe peupe vipi. Alikuwa hatazami mbingu, anatazama hesabu.

Mwalimu_Sayansi_Chake
Nahodha, ahsante. Nnaongeza jambo moja, maana watu wengi wanadhani joto la Oktoba ni hisia tu.

Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta, Pemba kiasi cha 5. Jua linavuka ikweta kwenda kusini tarehe 22 au 23 Septemba. Wiki mbili baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, linapita sawasawa juu ya vichwa vyetu, Pemba kwanza, Unguja siku mbili tatu baadaye. Mwaka jana nilisimamisha mti ulionyooka uwanjani na wanafunzi wangu. Saa sita na dakika kama kumi kivuli kilikuwa kimeingia chini ya mti wenyewe. Watoto wa skuli walipiga makofi.

Hii ina maana kwa mavazi. Wakati jua liko utosini, ukuta hauna kivuli, na kofia yenye ukingo mwembamba haikusaidii mabega. Mwavuli wa Oktoba kazi yake ya kwanza ni jua. Mvua ni kazi ya pili.

Kijana_wa_Kikwajuni
Mwalimu, mwavuli, kivuli, uvuli, vuli. Yote ukoo mmoja?

Mwalimu_Sayansi_Chake
Mwavuli na kivuli wanasikika ndugu kabisa. Kwa vuli msimu, waulize wa lugha. Mimi ni fizikia.

Mpemba_Halisi
Watu wa Unguja mna vuli gani hasa ya kulalamikia? Njooni Wete muone mvua. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, hilo halina ubishi. Na huku vuli ikiingia karafuu bado ziko majamvini. Wewe unafikiria buibui lako, mie nafikiria karafuu za mwaka mzima. Wingu likijitokeza nyumba nzima inakimbia, mkubwa na mdogo, kukunja majamvi. Unavaa nini wakati huo? Kilichopo mwilini. Mke wangu aliwahi kutoka na nguo ya harusi aliyokuwa anaijaribu.

Bibi_wa_Wete
Hilo la karafuu ni kweli tupu. Ndiyo maana sisi tunajua kulinusa wingu.

Mchuuzi_Darajani
Mnazungumza kama mji wote unarowa kwa pamoja. Juzi Michenzani maji yanatiririka barabarani, mimi hapa Darajani vumbi. Nikapigiwa simu na mwenzangu wa Mwanakwerekwe ananiambia hawezi kuvuka, maji yamefika magotini. Kwa hiyo swali si "leo mvua ipo". Swali ni "iko mtaa gani". Nimeuza miavuli miaka mingi, na wanaonunua wote wananunua wakiwa wameshaanza kurowa.

Ng'ambo_Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Huku nako ni vuli, yao wenyewe, Septemba mpaka Novemba. Asubuhi unatoka baridi ya digrii sita saba, mchana jua unavua koti, jioni mvua nyembamba ya kuingia mifupani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa moja, na kufika Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilipofika nilivaa koti moja zito, nikawa nachemka ndani ya basi na kuganda kituoni.

Wenyeji walinifundisha kuvaa tabaka. Nguo nyembamba mwilini, juu yake sweta ya sufu, juu koti jepesi la kuzuia maji. Unapunguza na kuongeza. Na walinikataza pamba mwilini siku ya kutembea sana, kwa sababu ile ile aliyoisema fundi, inashika maji. Sufu hata ikiwa na ubichi bado inatia joto. Ndugu yetu wa Bububu ajaribu tabaka.

FundiMlandege
Sikilizeni huyo! Huko Leicester wameniunga mkono.

NesiZamu
Ng'ambo, tabaka zinafanya kazi kwenu kwa sababu mnapambana na baridi. Sisi hapa tunapambana na unyevu. Mtu wa Bububu ameshavaa tabaka tatu: dira, buibui, mtandio. Kila tabaka lililoongezeka linazuia jasho lisikauke. Akiongeza la nne kwenye gari lililofunga mapazia ya plastiki, atazimia.

Na niseme kuhusu koo, maana ndilo linalonihusu. Mafua hayaletwi na nguo mbichi. Yanaletwa na virusi, na virusi vinatoka kwa watu. Mvua ikinyesha gari linateremsha mapazia yote, abiria wamebanana, mmoja anakohoa kutoka Mtoni mpaka Darajani. Ofisini madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Hapo ndipo koo lilipopatikana.

Bibi_wa_Wete
Mwanangu nesi, nakuheshimu na elimu yako. Lakini nimelea watoto saba. Mtoto akirowa kichwa na akalala na nywele mbichi chini ya ushungi, asubuhi anapiga chafya. Kila mara. Hao virusi wanajuaje kwamba kichwa kimerowa?

NesiZamu
Bibi, shikamoo. Sikatai kwamba baridi inamchosha mtoto. Nasema tu, mtoto aliyerowa peke yake kisiwani hapati mafua.

Bibi_wa_Wete
Marahaba. Hakuna mtoto aliye peke yake kisiwani.

Mwalimu_Sayansi_Chake
Nnadhani mnasahau kiyoyozi. Kiyoyozi hakipoozi tu, kinaondoa unyevu hewani. Nguo iliyorowa ikiingia kwenye hewa kavu inakauka kwa kasi, na kila tone linalokauka linachukua joto kutoka mwilini. Ndiyo maana nje amerowa na haoni baridi, ndani anatetemeka. Nguo ni ile ile. Chumba ndicho kilichobadilika. Kama angeweza kubadilisha nguo ya ndani kabla ya kukaa mezani, mtetemeko usingekuwepo.

Dada_wa_Jang'ombe
Na rangi je? Hakuna aliyegusa rangi. Mie niliacha buibui jeusi nikahamia kijivu na maziwa, nikaona tofauti kubwa sana kituoni. Nyeusi inanyonya jua, hilo hata mtoto anajua.

Mwalimu_Sayansi_Chake
Dada, mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho meusi ya Mabedui. Wakapima mtu kwenye jua la jangwani, joho jeusi na joho jeupe. Kitambaa cheusi kilipata joto zaidi, lakini joto lile la ziada lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, maana joho ni pana na hewa inazunguka ndani. Joto lililofika mwilini lilikuwa sawa.

Dada_wa_Jang'ombe
Jangwani, mwalimu! Huko hewa kavu na upepo upo. Mpelekeni huyo mtu kituo cha Darajani saa saba mchana mwezi wa kumi, nahodha ameshasema hewa imesimama. Halafu buibui la siku hizi limebana kifuani na mikononi, hewa itazunguka wapi?

Mwalimu_Sayansi_Chake
Hapo umenishika. Utafiti ule ni wa joho pana na hewa kavu. Sina jibu la Darajani.

FundiMlandege
Mimi ninalo. Upana. Mabuibui ya zamani, lile la ukaya, yalikuwa mapana kama tanga. Mama zetu wamevaa nyeusi miaka yote kwa sababu ya upana.

Msomi_wa_Forodhani
Fundi, "miaka yote" usiiseme. Buibui lilienea Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake walio wengi walikuwa kwenye kanga na vitambaa vingine. Kwa hiyo kisiwa hichi kimepita vuli nyingi sana bila ya buibui jeusi.

Na wanaume tusijisahau. Ijumaa iliyopita nimetoka nyumbani na kanzu nyeupe na kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono miezi mingi. Vile vitundu vyake vinapitisha hewa vizuri, hakuna kofia bora kwa joto. Mvua ikanikuta kati ya Mkunazini na msikitini. Wanga wote ukatoka, kofia ikalala kichwani kama kitambaa cha jikoni. Chini nimevaa makubadhi ya ngozi, yamejaa maji, yanateleza kwenye mawe. Nimepanda baraza za watu, nimetembea baraza moja mpaka nyingine kama walivyofanya wazee wakati vichochoro vikijaa maji. Zile baraza hazikujengwa kwa ajili ya kukaa tu.

Mchuuzi_Darajani
Makubadhi vuli? Malapa ya mpira, ndugu yangu. Makubadhi yatie begini, uvae mlangoni.

Msomi_wa_Forodhani
Na nikiyarudisha kabatini yanaota ukungu. Nani ana dawa ya ukungu? Kila vuli na kila Mwaka, yaani masika, ngozi yote inageuka kijani.

Bibi_wa_Wete
Yafute, yaanike kivulini kwenye upepo, si juani yatapasuka. Kisha fungua kabati, usilifunge kutwa. Nguo nazo zifukize udi. Nguo iliyokauka kwa tabu ina uvundo, ukiitandaza juu ya chetezo inakaa sawa.

NesiZamu
Udi unaondoa harufu, Bibi. Ubichi unabaki.

Bibi_wa_Wete
Chetezo kina makaa. Makaa yana moto. Moto unakausha.

FundiMlandege
Hapa Bibi ameshinda.

Mfuatiliaji_wa_Anga
Nimechelewa kuingia. Jambo moja ambalo halijasemwa: vuli hazifanani, kwa hiyo ushauri wa mwaka mmoja hauwezi kutumika mwaka mwingine. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli inakuwa nzito. 2019 ilikuwa hivyo, mvua zikapiga Afrika Mashariki yote. 1997 vivyo hivyo, pamoja na El Niño. Ikigeuka, vuli inakuwa haba, unabeba mwavuli miezi mitatu na hukuufungua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, Oktoba mpaka Disemba, na Unguja na Pemba zimo. Sikilizeni ule, halafu ndiyo mchague kitambaa.

Nahodha_Mstaafu
Mwelekeo wa msimu ni mzuri kwa mkulima. Haukwambii saa mbili asubuhi pale Darajani. Mie natazama baharini upande wa mawio kabla ya kutoka. Kukifunga huko, asubuhi hiyo utarowa.

Mfuatiliaji_wa_Anga
Wewe unaiona bahari ukiwa nyumbani, nahodha. Aliyeko Jang'ombe ataona ukuta wa jirani.

Mpemba_Halisi
Na aliyeko Pemba ataona mikarafuu.

Mtoto_wa_Bububu
Ahsanteni nyote. Nimejaribu siku nne, nawapa taarifa.

Siku ya kwanza nilifuata fundi, nikatoa dira la pamba nikavaa nguo ya ndani isiyonywa maji. Mvua ilinikuta, ofisini nilikauka haraka, sikutetemeka. Lakini jasho la kituoni lilinishika vibaya, lilikuwa linateremka mgongoni bila ya pa kwenda. Siku ya pili kanga ya Bibi, ile laini. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka Vuga, nikaitundika nyuma ya kiti. Siku ya tatu nilibeba dira la akiba nikabadilisha nilipofika. Mwalimu alisema kweli, sikuona baridi hata kidogo. Siku ya nne sikubeba chochote na mvua haikunyesha.

Koo bado linawasha. Nesi, mwenzangu wa meza ya pili anakohoa tokea Jumatatu.

Shida iliyobaki: nguo ya akiba nikiitia mkobani inarowa pamoja na mkoba.

Kijana_wa_Kikwajuni
Itie kwenye mfuko wa plastiki.

Mchuuzi_Darajani
Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Zanzibar tokea 2006, kijana. Chukua bakuli la mfuniko, lile la kubebea chakula. Dira likikunjwa vizuri linaingia.

Bibi_wa_Wete
Liwe safi, lisije likanuka samaki.

Dada_wa_Jang'ombe
Bububu, buibui lako ni la rangi gani? Jeusi bado?

Mtoto_wa_Bububu
Jeusi bado, dada. Na jambo jengine nimeligundua siku ya pili: juu nilikuwa mkavu kwa kanga, lakini kuanzia magotini kushuka nilikuwa mbichi mpaka saa sita. Sijui maji yalipitia wapi.

FundiMlandege
Urefu wake ukoje? Linagusa chini?

Mtoto_wa_Bububu
Linagusa. Linaburuta kidogo nyuma.

FundiMlandege
Basi linayavuta maji ya barabarani kupandisha juu, kama utambi. Hapo si nida wala pamba. Njoo nalo Jumamosi, na uje na malapa utakayovaa, nilipime pindo ukiwa umeyavaa.